Jinsi ya Kutuma Barua na Vifurushi Nairobi Bila Kushinda Kwenye Foleni

Siku moja niliingia ofisi fulani ya posta hapa mjini nikakuta watu wanne tu mbele yangu. Nikajipongeza. Nilitoka baada ya saa moja na dakika kumi. Wa pili kati ya wale wanne alikuwa tarishi wa ofisi ya mawakili, na mkoba wake ulijaa barua za rejista zisizopungua arobaini, kila moja ikidai nambari yake, mhuri wake na mstari wake kitabuni. Juma lililofuata nilikuta watu kumi na mmoja. Nikataka kugeuza, miguu ikakataa, nikabaki. Dakika ishirini baadaye nilikuwa barabarani, kwa sababu karibu wote walikuwa na bahasha moja moja.

Wakenya wa umri wangu wanaukumbuka mlolongo wa kura wa 1988, wapiga kura walipojipanga nyuma ya wagombea wao, na foleni fupi iliweza kutangazwa ndefu. Posta nako ni vivyo hivyo, ila huku hakuna wizi. Foleni ya watu wanne inaweza kweli kuwa ndefu kuliko ya kumi na mmoja. Ndiyo maana siku hizi sihesabu vichwa, nahesabu kilicho mikononi. Muda unaliwa na kazi ya pale kaunta: kupima, kuandika anwani, kujaza fomu, kufungua boksi lililofungwa vibaya, kutafuta chenji. Sehemu kubwa ya kazi hiyo unaweza kuimaliza nyumbani, mezani, kikombe cha chai kikiwa kando.

Hatua ya 1: Jiulize kama unaihitaji kaunta

Watu wengi wanaopiga foleni na barua ya kawaida hawakuwa na haja ya kupiga foleni. Barua ya kawaida inataka stempu na kisanduku cha kutumbukizia, basi. Ukipata nafasi ya kufika kaunta siku ambayo hakuna msongamano, nunua stempu za mwezi mzima, kumi au ishirini, uziweke kwenye bahasha ndani ya droo. Papo hapo omba kuona orodha ya bei za sasa uipige picha kwa simu. Bei hubadilika, na stempu pungufu huchelewesha barua kuliko foleni yoyote.

Kupima si kazi ngumu. Karatasi moja ya A4 ya kawaida, ile ya gramu 80, ina uzito wa gramu 5 hivi. Daraja la kwanza la uzito wa barua kwa desturi huishia gramu 20. Kwa hivyo karatasi mbili ndani ya bahasha ndogo ziko salama kabisa. Ya tatu inakufikisha ukingoni, na hapo hata klipu ya chuma inaweza kukuvusha daraja. Kama nyumbani kuna mtu anayeoka keki, tumia mizani yake. Mimi huenda kwa muuza viungo wa jirani. Alinicheka mara ya kwanza, sasa ananipimia kabla sijaomba.

Bandika stempu pembe ya juu kulia, kisha angalia kibandiko cha saa za kukusanya barua kwenye kisanduku, kama kipo. Ukitumbukiza baada ya gari kupita, barua italala humo humo.

Kisha kuna suala la anwani, ambalo watu hulipuuza. Kwa kawaida posta yetu haipeleki barua mlangoni, inaipeleka kwenye sanduku. Mtu anakwambia “S.L.P. 4321, Nairobi” na kukuachia hapo, ilhali Nairobi ina ofisi nyingi za posta na kila moja ina msimbo wake. 00100 ni ile kuu, GPO. 00200 ni City Square, 00300 ni Ronald Ngala, 00600 ni Ngara, 00800 ni Westlands. Nje ya jiji, Mombasa ni 80100, Kisumu 40100, Nakuru 20100, Eldoret 30100. Msimbo ukikosekana, karani atakuuliza, utampigia mpokeaji simu, mpokeaji hatashika, na watu walio nyuma yako wataanza kuguna. Pata msimbo mapema. Na hata kama ni barua tu, andika nambari ya simu ya mpokeaji chini ya jina.

Ikiwa mpokeaji hana sanduku kabisa, mwambie aulizie MPost, huduma inayoifanya nambari ya simu ya mkononi kuwa anwani ya posta, naye akapata ujumbe barua inapofika. Ni bora kuliko kutumia sanduku la shule aliyosoma miaka ishirini iliyopita, jambo ambalo bado naliona.

Hatua ya 2: Mzigo wa ushago, fikiria stejini kwanza

Mkoba wa nguo za watoto unaokwenda Nyeri au Kitale hauna lazima ya kupitia posta. Kampuni za mabasi na sako za matatu zina madirisha ya vifurushi, na mzigo wa asubuhi mara nyingi hupokewa jioni ile ile. Lakini huko nako kuna foleni yake. Ukifika River Road au Accra Road saa kumi na mbili jioni, mabasi ya usiku yakijiandaa kuondoka, utapangwa nyuma ya magodoro, madumu na mtu aliyeleta mlango wa chuma. Nenda asubuhi kabla ya saa tano, hata kama basi lenyewe litaondoka usiku.

Andika jina, simu na mji kwa maki nene, pande mbili za boksi, kwa sababu upande mmoja utalaliwa na gunia la mtu. Dai risiti. Uliza nambari ya gari na saa ya kuondoka, kisha mtumie mpokeaji kabla hujatoka stejini, na umkumbushe kwenda na kitambulisho. Kumwachia utingo mzigo mkononi bila risiti, kwa imani tu, nilikwisha kuacha. Wengi wao ni waaminifu, ila siku mzigo ukipotea huna pa kuanzia.

Kitu kimoja sikipeleki stejini hata kwa haraka gani: makaratasi yasiyo na mbadala. Cheti cha KCSE, hati ya shamba, pasipoti. Hayo ni ya rejista, EMS (huduma ya haraka ya posta), au kampuni ya kusafirisha vifurushi iliyo na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Ndani ya jiji lenyewe, sahau posta. Kutoka Umoja hadi Kawangware ni kazi ya bodaboda, au ya vile vibanda vya kuachia na kuchukulia mizigo wanavyovitumia vijana wanaouza nguo mtandaoni.

Hatua ya 3: Fanya kazi ya kaunta ukiwa nyumbani

Hapa ndipo penye faida kubwa, kwa hivyo nitakaa kidogo. Kifurushi cha nje ya nchi ndicho kinachomeza dakika, na sababu si uvivu wa karani. Tangu tarehe 1 Januari 2021, kanuni za Umoja wa Posta Duniani zinataka habari za kila mzigo wenye bidhaa zitangulie kwa njia ya kielektroniki kabla mzigo wenyewe haujafika kwa forodha ya nchi inayopokea. Barua za makaratasi matupu hazimo katika sharti hilo. Maana yake ni kwamba kila unachotuma lazima kichapwe: jina lako, jina la mpokeaji, mtaa, msimbo, simu, kilichomo, uzito, thamani. Ukimtajia karani kwa mdomo jina la mtaa wa Kijerumani lenye herufi ishirini na mbili, mtakesha.

Nilijifunza hili vibaya. Nilikuwa namtumia dada yangu zawadi Ujerumani: kiondo, kikoi, pakiti mbili za majani chai, na chupa ndogo ya marashi aliyoizoea tangu tukiwa wasichana. Nilikuwa nimelifunga boksi kwa seloteipu raundi saba, nikijua kwamba mzigo wa mbali hufungwa imara. Karani akaliangalia, akaniangalia.

“Ndani kuna nini, mama?”

Nikamtajia vyote. Alipofika kwenye marashi akaweka kalamu chini.

“Hiyo haipandi ndege. Fungua tuitoe.”

Sikuwa na kisu. Sikuwa na makasi. Nililifungua boksi lile kwa ufunguo wa geti, mbele ya watu kumi na tano, na seloteipu ilikuwa inalia kama inachuna ngozi. Kijana aliyekuwa nyuma yangu akanishikia upande mmoja. Tulipomaliza hatukuwa na seloteipu ya kulifungia tena, nikatoka kwenda kununua, na niliporudi nikaanza mkiani.

Basi fanya hivi.

Tafuta boksi dogo kwanza. Maboksi ya duka la dawa ni magumu na ya kiasi, na wenye maduka huyatupa. Ila yafunike kwa karatasi ya khaki au yageuze ndani nje, maana boksi lenye jina la dawa litafunguliwa katika kila forodha litakayopita. Mifuko ya plastiki usiifikirie. Ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na hata kama unayo ya akiba usiende nayo mjini. Kwa kujazia nafasi, gazeti lililokunjwakunjwa linatosha.

Udogo wa boksi una hesabu yake. Kampuni za kusafirisha kwa ndege huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, zikagawanya kwa 5,000, na jibu likizidi kilo halisi ndilo unalotozwa. Boksi la 40 kwa 30 kwa 30 linahesabiwa kilo 7.2 hata kama ndani mna kikoi kimoja kinachoelea. Nimeona mabishano marefu kuhusu jambo hili kuliko jambo jingine lolote pale kaunta, na mteja hajawahi kushinda.

Toa mapema vitu vitakavyokataliwa: marashi, rangi ya kucha, mikebe ya kupuliza, viberiti, pawa benki, pesa taslimu. Mbegu, miche na mimea hudai cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mimea. Kuhusu vyakula, kila nchi na masharti yake, kwa hivyo muulize anayepokea aangalie kwao kabla hujanunua.

Fomu ya forodha ichukue siku nyingine ukiwa unapita tu. Kuna kibandiko kidogo, CN22, na fomu kubwa yake, CN23. Chukua tatu nne uziweke nyumbani. Andika kwa Kiingereza au Kifaransa, na uandike kitu chenyewe. Neno “zawadi” peke yake halimwambii afisa wa forodha chochote. Andika kwamba ni kikapu cha mkonge, kimoja, thamani yake kiasi fulani. Shuka la pamba, moja. Majani chai, pakiti mbili, gramu kadhaa. Jumla ya uzito waweza kumwachia karani. Saini na tarehe usisahau, kwani fomu nyingi zinazorudishwa kaunta zimekosa hivyo viwili tu.

Anwani ya nje iandike mara mbili: moja juu ya boksi, nyingine kwenye kikaratasi utakachompa karani akiwa anachapa. Hicho kikaratasi kidogo ndicho kimenipunguzia muda kuliko ujanja mwingine wote humu. Herufi kubwa, mstari mmoja mmoja, jina la nchi mwisho kabisa, peke yake. Weka simu ya mpokeaji pamoja na nambari ya mwanzo ya nchi.

Na boksi usilifunge. Lilete wazi, seloteipu na makasi mkobani, ulifunge mbele ya karani baada ya kuridhika.

Hatua ya 4: Chagua saa, siku na tawi

Saa mbili asubuhi watu hudhani ndiyo saa nzuri, na kila aliyedhani hivyo anasimama nje mlango ukingali umefungwa. Saa saba ni mbaya zaidi. Ofisi zote za mjini humwagika, na makarani nao wanapokezana kwenda kula, kwa hivyo madirisha hupungua wakati ule ule watu wanapoongezeka. Kuanzia saa tisa na nusu huingia matarishi wa mawakili, wa madalali wa mnada na wa vyama vya akiba, mikoba imevimba, wakikimbizana na gari la mwisho. Mimi huenda kati ya saa nne na saa tano na nusu, Jumanne hadi Alhamisi. Jumamosi ofisi hufungwa mapema na kila mfanyakazi anaijua siku hiyo hiyo moja.

Epuka mwisho wa mwezi. Epuka Januari, watu wanapokwenda kulipia masanduku yao ya mwaka. Oktoba kuna kadi za kuwatakia heri watahiniwa, na Desemba haihitaji maelezo. Ukitaka zawadi ya Krismasi ifike ng’ambo, anza kuifikiria Oktoba na uitume kabla Novemba haijakatika.

Kuhusu tawi: pale GPO, Kenyatta Avenue, usitishwe na umati wa mlangoni. Katika jengo hilo la Teleposta mna Huduma Centre, na wengi unaowaona wanatafuta vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa, hawana habari na stempu. Muulize mlinzi dirisha la vifurushi liko wapi kabla hujajipanga nyuma ya mtu. Hata hivyo, kama kazi yako ni rejista moja na unaishi mitaani, tawi dogo la karibu litakuokolea pia nauli. Matawi mengine yamefungwa miaka ya karibuni, kwa hivyo piga simu kwanza. Uliza mambo mawili: je, mnapokea vifurushi vya nje hapo, na je, mtandao unafanya kazi leo? Swali la pili watu huona haya kuliuliza. Liulize. Mtandao ukikwama, foleni ya watu watatu inakuwa ya siku nzima.

Hatua ya 5: Ukifika, usiwe wewe ndiye foleni

Kabla ya kujipanga, tembeza macho. Mtu mwenye mkoba wa tarishi, mtu mwenye trei la bahasha, mama mwenye boksi lililofungwa raundi saba: dirisha lao liepuke ikiwa kuna jingine linalofanya kazi hiyo hiyo. Na ukimkuta tarishi mbele yako, mwombe kwa adabu. “Kaka, mimi ni hii moja tu.” Nimewahi kupitishwa mara nyingi kuliko nilivyokataliwa, kwa sababu yeye atakuwepo hapo saa nzima na dakika zako mbili hazimpunguzii kitu.

Zungumza kwa ufupi ukifika zamu yako: “Rejista mbili, moja Kisumu, moja Uingereza.” Karani anajua pa kuanzia. Kitambulisho kiwe nje, fomu juu, kikaratasi cha anwani juu ya fomu. Lipa kwa M-Pesa ukitaka, ila uwe na noti ndogo ndogo za akiba, maana ujumbe wa M-Pesa hupenda kuchelewa siku una haraka. Noti ya elfu moja kwa stempu moja ni njia ya kuwachelewesha watu wote mliopanga nao.

Kama una barua nyingi kila mwezi, kwa mfano wewe ni katibu wa chama na kuna mkutano mkuu unakuja, usizipeleke kaunta kama mtu binafsi. Tengeneza orodha iliyochapwa ya majina na anwani kwa mpangilio ule ule wa bahasha zilivyolala, nakala mbili, moja igongwe mhuri ubaki nayo. Zungumza na meneja wa tawi kuhusu kutuma kwa jumla. Mtapatana saa tulivu ya kuzileta, na utakuwa umewaondolea wengine ule mkoba wa bahasha arobaini.

Hatua ya 6: Soma nambari kabla hujatoka

Rejista na EMS hutolewa nambari ya kufuatilia yenye alama kumi na tatu: herufi mbili mwanzoni, tarakimu tisa, na herufi za nchi mwishoni, ambazo kwetu ni KE. Ipige picha ungali umesimama pale, uitume kwa mpokeaji, kwa sababu wino wa risiti hizi hufifia ukiziweka juani kwenye gari. Kisha isome. Ikiwa imefifia na huna uhakika kama ile duara ya katikati ni herufi O au ni sifuri, ni sifuri. Herufi hazikai katikati. Ikiwa tarakimu hazifiki tisa, rudi dirishani papo hapo. Hapo hupangi foleni upya, unamwonyesha tu karani risiti aliyokupa sasa hivi.